Gari Libaki Kitale

Mkazi wa Tuwan anayejiandaa kwenda Doha, Riyadh au Mumbai huitafuta tiketi kwa bidii. Huulizia kwa wakala huyu na yule, hulinganisha siku, humpigia simu jamaa aliyesafiri mwaka jana, na akiokoa shilingi elfu tatu huona amefanya kazi kubwa. Siku ya safari ikifika huliwasha gari na kushika njia ya Eldoret kuelekea Nairobi. Suala la mahali gari hilo litakapolala kwa wiki mbili zijazo hulikuta mbele ya kizuizi cha uwanja wa ndege, saa mbili za usiku, magari mengine yakimpigia honi kwa nyuma. Hapo nafasi ya kulinganisha bei imekwisha. Atalipa atakachoambiwa, ama atamwamini yeyote atakayejitokeza kusema ana mahali pazuri.

Kosa hili hufanywa na wasafiri kila mahali, lakini kwa watu wa Trans Nzoia na Bungoma lina uzito wa pekee kwa sababu ya umbali. Mkazi wa Nairobi akikosa nafasi anaweza kumwita ndugu aje alirudishe gari nyumbani. Aliyetoka Kitale hana wa kumwita. Ameendesha takriban kilomita 400, amechoka, ana masanduku, na ndege haimngoji. Ushauri wa makala haya, ambao kwa wengine utasikika wa ajabu, ni kwamba msafiri wa sehemu hizi aache kutafuta maegesho karibu na ndege na aanze kuyatafuta karibu na nyumbani.

Jiografia yenyewe inaelekeza huko. Tuwan ni mtaa wenye watu wengi mjini Kitale, katika eneo bunge la Saboti. Kutoka Kitale hadi Eldoret ni karibu kilomita 70, kupitia Moi's Bridge na Soy. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret uko kilomita 16 hivi kusini mwa jiji, kwenye barabara inayoelekea Kapsabet. Anayetoka Bungoma anaweza kwenda huko kupitia Webuye, au akateremka kupitia Kakamega hadi Kisumu, ambako uwanja uko nje kidogo tu ya mji, kando ya barabara ya Busia. Kitale yenyewe ina uwanja mdogo, na Webuye ina ule wa Matulo, ila msafiri anayepaswa kuunganisha ndege ya kimataifa hawezi kuvitegemea hivyo.

Uwanja wa Eldoret ulipofunguliwa mwaka 1997, enzi za Rais Daniel arap Moi, wakosoaji wengi waliuita upotevu wa fedha za umma. Walihoji kwa nini mji wa wakulima ujengewe njia ya ndege yenye urefu wa kilomita tatu na nusu. Mjadala huo wa siasa unaweza kuendelea, lakini njia ya ndege ipo, na tangu Jambojet ianze safari zake mwaka 2014 abiria wa kawaida wa Bonde la Ufa na Magharibi wamekuwa na ndege ya kuwafikisha Nairobi kwa muda usiozidi saa moja. Eldoret yenyewe ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024. Hata hivyo, mtu wa Kitale angali analipita jiji hilo akiwa kwenye usukani, akielekea kutafuta nafasi ya gari Nairobi, kama kwamba hakuna kilichojengwa njiani.

Na huko Nairobi anakokwenda, nafasi haijawahi kuwa ya kumwaga. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Jengo jipya la abiria lililokamilika mwaka 1978 lilipangwa kuhudumia watu milioni 2.5 kwa mwaka, na kufikia mwaka 2013 abiria walikuwa zaidi ya milioni sita. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti mwaka huo, moto uliteketeza sehemu ya wasafiri wanaowasili kutoka ng'ambo. Serikali ilipotafuta pa kuwapokelea wageni, kwanza iliweka mahema, kisha ikachukua orofa ya chini ya jengo la kuegeshea magari na kuigeuza ukumbi wa kuwasili. Kwa muda mrefu, watu waliokuwa wakiingia Kenya waligongewa mihuri ya pasipoti mahali palipokusudiwa magari. Uamuzi ule ulikuwa wa busara katika hali ya dharura. Lakini unaonyesha jambo ambalo msafiri anafaa kulijua: uwanja wa ndege unapobanwa, nafasi ya magari huwa ya kwanza kuchukuliwa.

Isitoshe, maegesho ya mbele ya jengo la abiria yametengenezwa kwa ajili ya mtu anayekuja kumpokea shangazi na kuondoka. Bei zake huanzia kwa dakika na saa. Mwenye kuliacha gari siku kumi na nne analitumia eneo ambalo halikupangwa kwa ajili yake, na bili yake inalisema hilo. Biashara hii ina mizizi mirefu nchini. Kampuni ambayo Wakenya wanaijua kwa jina la KAPS, na ambayo leo mashine zake ziko kwenye maduka makubwa na hospitali, herufi zake zinasimamia huduma za maegesho ya viwanja vya ndege vya Kenya. Huko ndiko ilikoanzia.

Hesabu inafaa kufanywa kwa kalamu. Tuseme ni Probox inayokwenda kilomita 14 kwa lita. Safari ya kwenda na kurudi kati ya Kitale na Nairobi, kilomita 760 hivi, itakunywa lita 54 au 55. Petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni karibu shilingi 9,900. Ongeza maegesho ya wiki mbili. Yakiwa shilingi 1,000 kwa siku, ni 14,000. Jumla inakaribia 24,000, kabla ya chai ya Nakuru, kabla ya ada ya barabara ya juu ya Nairobi kwa anayeitumia, na kabla ya uchakavu wa tairi.

Upande wa pili, mtu huyo huyo anaweza kuliacha gari katika ua wenye ulinzi mjini Kitale kwa, tuseme, shilingi 200 kwa siku, yaani 2,800. Nauli ya basi ikiwa 1,500 kila upande, ni 3,000. Teksi ya kutoka katikati ya Nairobi hadi uwanjani, kwenda na kurudi, aiwekee 3,000 nyingine. Jumla ni 8,800. Wakiwa wawili inafika 11,800. Hata familia ya watu wanne itatumia 17,800. Bei hizi ni za mfano na kila mtu aweke za siku yake, maana mafuta hutangazwa upya kila katikati ya mwezi na nauli za Desemba kila mtu anazijua. Lakini pengo ni kubwa kiasi kwamba mabadiliko ya shilingi mia mbili tatu hayawezi kulifunga.

Kuna pia gharama isiyoandikwa popote. Anayerudi kutoka ng'ambo amekaa kwenye ndege usiku kucha. Ametua alfajiri, amepanga foleni ya pasipoti, amesubiri masanduku. Kumwambia mtu huyo ashike usukani kwa saa saba au nane, apite Nakuru, Salgaa na Sachangwan akiwa peke yake na usingizi machoni, ni kumtakia mabaya. Yeyote anayesafiri barabara hiyo anajua ajali ambazo majina hayo mawili ya mwisho yanazikumbusha familia za Magharibi. Fedha hazitoshi kuwa kipimo cha jambo hili.

Baada ya bei linakuja suala la uaminifu, nalo ni gumu zaidi kwa sababu haliandikwi kwenye bango. Karibu na uwanja wa Nairobi, kando ya Barabara ya Mombasa na mitaa ya Embakasi na Syokimau, kuna hoteli, vituo vya mafuta na nyua za watu binafsi zinazopokea magari ya wasafiri. Baadhi ni biashara nzuri zenye ukuta, taa, kamera na risiti. Nyingine ni kiwanja kilichozungushiwa mabati na kijana mwenye daftari. Kwa mtu aliyefika usiku kutoka Kitale, hizo mbili zinaweza kufanana kabisa. Zote zina lango, zote zina anayesema karibu.

Wizi wa Kenya mara nyingi hauchukui gari zima. Huchukua vioo vya pembeni, betri, tairi la spea, redio, mataa. Vioo vimeibwa kiasi kwamba madereva wa mijini wamezoea kuchora nambari ya gari juu yake, na aliyeibiwa hushauriwa na marafiki aende akavitafute maduka ya vipuri ya Grogan, jijini Nairobi, kabla hajaenda polisi. Kwa msafiri aliyekaa siku kumi na nne, ugumu ni kuthibitisha kioo kilipotea lini. Kilipotea ndani ya ua, au aliingia nacho kikiwa kimeshalegea? Bila picha na bila karatasi, ni neno lake dhidi ya neno la mlinzi ambaye pengine hakuwa zamu siku ile.

Wala nchi tajiri hazijaponyoka. Uingereza ina biashara kubwa ya watu wanaompokea msafiri mlangoni pa uwanja wa ndege, wakachukua funguo na kumwahidi kwamba gari litakaa katika ua wenye kamera. Polisi na maafisa wa biashara wa maeneo ya Gatwick na Manchester wamefuatilia visa vya magari yaliyokutwa mashambani kwenye matope, na mengine yakiwa yameendeshwa maili nyingi huku mwenyewe akiwa likizoni. Jawabu lao moja limekuwa ni alama ya ubora iitwayo Park Mark, iliyoanza mwaka 2004, inayotolewa kwa maegesho yaliyokaguliwa taa, uzio na usimamizi wake. Msafiri asiyemjua mtu yeyote Manchester anaiangalia alama hiyo, basi. Mfumo wa namna hiyo ungefaa sana hapa, na hauhitaji teknolojia yoyote ngeni.

Uingereza hiyo hiyo ilitoa funzo jingine tarehe 10 Oktoba 2023, pale gari moja lilipowaka moto katika jengo la maegesho la uwanja wa Luton. Moto ulienea orofa kwa orofa, jengo likaporomoka kwa sehemu, na magari zaidi ya 1,300 yakateketea. Hakuna mwizi aliyehusika. Wamiliki wengi walikuwa angani au ufukweni wakati magari yao yanayeyuka. Waliokuwa na bima kamili walilipwa, na waliokuwa na ile ya chini kabisa walijikuta wakisoma masharti waliyoyatia sahihi bila kuyaangalia.

Hapa Kenya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari awe na kinga ya madhara kwa watu wengine. Hiyo ndiyo ile stika ya thadi pati ambayo wengi hununua ya mwezi mmoja mmoja kwa sababu ndiyo wanayoimudu. Bima hiyo haimlipi mwenyewe chochote gari lake likiibwa au kuungua likiwa limeegeshwa. Sehemu kubwa ya Probox, Noah na pikapu zinazobeba wasafiri kutoka vijiji vya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu ziko kwenye kundi hilo. Kwa gari la namna hiyo, ua wa kuegesha ndio bima pekee iliyopo, na kuuchagua kwa kubahatisha usiku wa safari ni kuiweka rehani mali ya familia nzima.

Wapo watakaosema jibu ni rahisi: kuna binamu Utawala, kuna rafiki Kayole, gari likae kwao. Desturi hii ni nzuri na imesaidia watu wengi. Lakini ifanywe kwa macho wazi. Ploti nyingi za Nairobi hazina nafasi hata kwa magari ya wapangaji wake, hivyo gari la mgeni hulala nje ya lango au kwenye ua wa jirani unaolipiwa. Funguo zikibaki na mwenyeji, siku ya kilio au harusi gari litatoka. Likipata ajali, nani atalipa? Mwenyeji hakulitaka gari lile. Alisaidia tu. Undugu uliodumu miaka mingi huweza kuvunjika kwa sababu ya bampa. Anayechagua njia hii alipe ada ya ua kama ambavyo angemlipa mgeni, aulizie mapema kama bima yake inamruhusu mtu mwingine kuendesha, na aseme waziwazi kama gari litumike au lisitumike. Kunyamaza kwa ajili ya heshima ndiko kunakoleta ugomvi baadaye.

Sasa turudi Kitale. Faida ya kuliacha gari karibu na nyumbani haiko kwenye bei peke yake. Iko katika kujulikana. Mwenye ua yuko mjini na kesho na kesho kutwa atakuwepo. Mke, kaka au jirani anaweza kupita Jumamosi akaliangalia gari, akaliwasha dakika kumi ili betri isife, akapiga picha na kuituma. Gari likihitaji kuhamishwa, kuna wa kulihamisha. Jambo likiharibika, kituo cha polisi ni kile kile cha siku zote na mashahidi wanaongea na mwenye gari lugha moja. Hakuna ua wa Embakasi unaoweza kumuuzia mtu wa Tuwan vitu hivyo, hata akilipa mara tatu.

Bahati mbaya ni kwamba Tuwan yenyewe haina nafasi nyingi. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na wenye magari wengi hulazimika kuyalaza nje ya mtaa, kwenye vituo vya mafuta, nyua za makanisa au nyumba za wageni, wakilipa kwa usiku au kwa mwezi. Huduma hiyo ipo na inafanya kazi. Upungufu wake ni kwamba imesimama juu ya sura. Mlinzi anamjua mwenye gari, mwenye gari anamjua mlinzi, na hakuna kilichoandikwa. Kwa usiku mmoja inatosha. Kwa wiki mbili haitoshi, kwa kuwa neno la mlinzi huisha zamu yake inapoisha. Anaweza kufutwa kazi Jumanne, na anayeingia Jumatano hajui Probox ya nani imesimama pale kwenye kona.

Kwa hiyo msafiri amtafute mwenye ua, siyo mlinzi. Aende mchana, siku kadhaa kabla ya safari, aangalie ukuta, aangalie taa, aulize nani huingia usiku. Aombe karatasi yenye jina la mwenye ua, nambari ya gari, tarehe ya kuingia na kutoka, bei ya siku na jumla yake. Alipe kwa nambari ya Lipa na M-Pesa ya biashara yenyewe, ambayo simu humtajia jina lake, na akwepe nambari ya mtu binafsi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 Wakenya wamezoea kuiona kama njia ya haraka ya kulipa. Katika jambo hili thamani yake kubwa ni kwamba inaacha ushahidi wa siku, saa, kiasi na aliyepokea. Kisha alipige picha gari pande zote nne, na dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta, picha hizo azitume kwa mwenye ua palepale wakiwa wamesimama pamoja. Vitabu vya gari na funguo za ziada vibaki nyumbani.

Anayekataa kuandika amekwisha jibu swali.

Wengine huvunjwa moyo na bango la "Magari huegeshwa kwa hatari ya mwenyewe". Bango hilo lisiwatishe watu kupita kiasi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za huduma. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumdanganya mteja kuhusu anachouziwa. Aliyelipia "ua wenye kamera" akakuta hakuna kamera, ana hoja. Na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambayo mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili na ambayo inapaswa kuamua kesi ndani ya siku 60. Kioo, betri na tairi vinatosha kabisa humo. Kinachohitajika ni ile karatasi na zile picha. Vilevile sheria ya usalama wa kibinafsi ya 2016 inataka walinzi wafunzwe na wasajiliwe, kwa hiyo kumuuliza mwenye ua kama walinzi wake wamesajiliwa si utovu wa adabu.

Lipo pingamizi lenye haki. Si kila msafiri anaweza kupanda basi. Mgonjwa anayepelekwa India kwa matibabu, mama mwenye mtoto mchanga, mzee asiyeweza kuketi saa nane kwenye kiti chembamba, mfanyakazi anayerudi kutoka Saudia baada ya miaka miwili na masanduku ya zawadi, hawa wanahitaji gari hadi mlangoni. Kwao Eldoret na Kisumu ni msaada mkubwa. Kuendesha kilomita 85 hivi hadi uwanja wa Eldoret na kupanda ndege hapo ni mzigo wa lita sita za mafuta kila upande, na dereva hurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Angalizo ni moja: waulize ndege inatua wapi Nairobi. Safari nyingine huishia uwanja wa Wilson, na aliyepangiwa ndege ya Doha atalazimika kuvuka jiji na msongamano wake. Tena waache nafasi ya saa nyingi kati ya ndege mbili, kwa kuwa ukungu wa nyanda za juu haujali ratiba.

Kuna pia wasindikizaji, na hawa hawazungumziwi vya kutosha. Kijana anapoondoka kwenda kazini Ghuba, familia hukodi Noah na kujaza watu saba wa kumuaga mmoja. Mama anataka kumwona akiingia. Hilo halifai kudharauliwa, maana mkataba ni wa miaka na moyo wa mzazi una haki yake. Lakini pale Nairobi kuna ukaguzi langoni, kisha kuna saa za maegesho, halafu wasindikizaji huishia nje ya jengo bila kumwona mtoto wao akipanda chochote. Kuagana Kitale nyumbani, au Eldoret, kwa sala na chakula, kungempa mama muda mrefu zaidi na mwanawe kuliko zile dakika za kusukumana mbele ya mlango wa vioo. Na fedha za Noah zingemfaa msafiri mwenyewe mwezi wa kwanza, kabla ya mshahara.

Anayetoka Bungoma anayevutwa na ndege za Entebbe ana hesabu yake pia. Kulivusha gari la Kenya Malaba kunataka kibali cha forodha cha muda na bima ya kadi ya njano ya COMESA, na gari likikaa Uganda siku nyingi kibali kinahesabu siku hizo. Wengi huona heri gari libaki upande wa Kenya wavuke kwa miguu. Wanafanya vyema, mradi ua wa Malaba nao uwe umechaguliwa kwa utaratibu ule ule, kwa kuwa mji wa mpakani una watu wengi wanaopita na wachache wanaokaa.

Hata hivyo, haifai msafiri abebeshwe mzigo wote. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la barabara zake, trafiki na maegesho. Kaunti zinalikumbuka jukumu hilo asubuhi, maafisa wanapopita Kitale na Bungoma mjini kukusanya ada ya siku kwa kila gari lililosimama kando ya barabara. Jioni hawaonekani tena. Mwenye gari amelipa mwaka mzima na hajawahi kuuziwa usiku mmoja wa usalama. Ni haki kudai kwamba sehemu ya ada hiyo ijenge ua mmoja wenye ukuta na taa karibu na kituo cha mabasi, mjini Kitale na mjini Bungoma, ambako mtu ataacha gari kwa siku au wiki na kupanda basi palepale. Wazo hili limekwisha kujaribiwa nchini. Kituo cha reli cha Syokimau, kilichofunguliwa Novemba 2012, kilijengwa na nafasi ya magari ili watu wayaache hapo na kuingia Nairobi kwa treni. Kilichofaa kwa mfanyakazi wa ofisini wa Syokimau kitamfaa mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia.

Kaunti ikiona ujenzi ni mkubwa, ianze na ukaguzi. Maafisa wanaotoa leseni za biashara tayari wanaingia kwenye vituo vya mafuta na nyumba za wageni. Waongeze orodha fupi: ukuta, taa, daftari la kuingia na kutoka, risiti, walinzi waliosajiliwa, bei ya siku iliyoandikwa ukutani. Anayetimiza apewe kibao cha kaunti cha kutundika langoni, na majina yao yatangazwe redioni, kwa kuwa Kitale na Bungoma husikiliza redio.

Mamlaka ya Viwanja vya Ndege nayo ina sehemu yake, hasa Eldoret na Kisumu. Viwanja hivi viwili havijabanwa kama Nairobi. Vinaweza kutenga eneo la magari ya muda mrefu, lenye bei ya siku, ya wiki na ya mwezi, iliyoandikwa kwa Kiswahili kikubwa langoni na inayoweza kulipiwa mapema kwa simu pamoja na nambari ya gari. Bei ya wiki ikiwa nafuu kuliko mara saba ya bei ya siku, mtu wa Kitale na wa Webuye atakuwa na sababu ya kuanzia safari yake Eldoret, ndege zitapata abiria, na foleni ya Embakasi itapungua gari moja moja. Shule zinapofungwa Agosti, na tena Desemba watu wanaporudi nyumbani kwa wingi, ndipo uhaba huonekana. Eneo hilo likitengwa kabla ya misimu hiyo, familia za Tuwan zitaweza kupanga maegesho siku ile ile zinapokata tiketi.